Mpaka Ni Laga

Karani akaniuliza mara ya pili, Tume binti yangu, kwa sababu mara ya kwanza uoga iliniziba masikio, na hiyo mara ya pili ndiyo lori ya kokoto ilipita. Nikasikia mkia tu. Nikasikia, "...mpaka wapi?" Watu wote wamenigeukia, mama yako ananidunga na kiwiko, "Jibu, jibu basi," na jasho inanishuka kwa mgongo kama mtu amenimwagia maji. Nikasema, "Mpaka ni laga."

Karani akaandika. Hata kichwa hakuinua. Mzee Halake, yeye ndiye alikuwa ananifuata kwa mashahidi, akasema na Kiborana, "Huyu mtoto ametuuza." Na kule nyuma kwa tangi ya maji ya shule, mahali nyinyi wasichana mlikuwa mmesimama, mtu akacheka. Sijui ni nani. Najua si wewe. Wewe ulikuwa unaniangalia tu, macho makavu, kama mtu anaangalia gari ikizama kwa matope na si gari yake.

Tangu hiyo siku hujaniita baba. Unaniita wewe. "Wewe, chai iko." "Wewe, punda amejifungua kamba." Nasikia. Mimi ni mtu wa kunyamaza, lakini masikio yangu hayanyamazi.

Kesho asubuhi unaenda shule ya bweni, upande ule. Mambo ya sabuni na sanduku na kufunga nywele mama yako amekuambia, na shangazi yako ataongeza mpaka uchoke. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuambia juu ya hiyo siku, kwa sababu wewe uliona kutoka kwa tangi, na kutoka kwa tangi mtu haoni kila kitu.

Swali yote ilikuwa hivi: "Babu yako alikuwa anachunga ng'ombe mpaka wapi?" Hiyo tu. Alikuwa anafika wapi na ng'ombe. Swali ya mtoto. Jibu nilikuwa nayo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Lakini lori ikameza nusu ya kwanza, na mimi nikaona aibu kumwambia mtu mwenye kalamu, "Sijasikia, rudia." Nikajibu ile nusu nilisikia. Nikafikiri ananiuliza mpaka, ile mstari, iko wapi.

Unajua hao watu walikuja kwa nini. Wametumwa na serikali waweke mawe mapya kati yetu na majirani wa upande ule, na wakapiga hema kwa uwanja ya shule wasikize wazee. Mimi si mzee. Nina miaka thelathini na mbili na nauza maji na punda hapa Chechelesi. Lakini babu alinilea, na wakati wote alikuwa hai mimi ndiye nilikuwa nyuma yake na fimbo. Ndio Mzee Halake akaniambia, "Utasema wewe."

Nikamwambia, "Mzee, mimi siwezi kusema mbele ya watu."

"Nani amekuambia uimbe? Sema tu mahali miguu yako imekanyaga."

"Miguu imekanyaga. Mdomo ndio haijakanyaga."

Akacheka, akanipiga bega. Alifikiri natania.

Sasa Laga Dima, huo mto wetu mkavu, wewe umeivuka mara ngapi? Mchanga mwekundu, siku mia hakuna maji, siku moja inabeba ng'ombe. Ukivuka, hatua kama hamsini hivi, iko kile kisima babu alichimba, na kando ya kisima iko kaburi yake. Maneno yangu matatu yameweka hiyo yote upande ule. Si mzungu ameweka, si serikali. Ni mimi, na mdomo yangu, na sahihi yangu chini.

Wacha nikuambie ile neno ilitoka wapi. Nataka ujue haikutoka kwa ujinga peke yake.

Zamani kabla ya uhuru, Mwingereza alichukua hii jimbo yote ya kaskazini akaikata kama mtu anagawa mbuzi, lakini yeye hakuuliza nani ni mgeni na nani ni mwenye nyumba. Msomali akae hapa. Mborana akae pale. Huyu asivuke, yule asinyweshe. Ukitaka kuvuka unatafuta karatasi. Babu alikuwa anasema, mtu alikuwa anaoa upande ule, halafu anaomba ruhusa kwenda kusalimia wakwe. Hata ng'ombe ikivuka peke yake, ikifuata majani, imevunja sheria. Ng'ombe! Babu akifika hapo kwa hadithi alikuwa anatema mate.

Siku moja Disii, yule mzungu mkubwa wa wilaya, akafika Laga Dima na askari na mkalimani na gari imejaa mawe. Mawe imepakwa chokaa nyeupe. Babu alikuwa kijana kama mimi sasa. Disii akamwambia mkalimani, mkalimani akamwambia babu na Kiswahili, "Bwana mkubwa anauliza, wewe unachunga mpaka wapi?"

Babu akasema, "Mpaka mvua."

Mkalimani akashangaa. "Nimekuuliza mahali."

"Na mimi nimekuambia mahali. Pale imenyesha."

"Sasa mvua imenyesha wapi?"

"Mwaka huu ama mwaka ule? Muulize mwenye kunyesha, mimi nafuata tu."

Disii hakucheka. Akaandika. Wakapanga mawe kwa laga, moja hapa, moja pale, wakaenda.

Tume, hiyo ndiyo swali. Ni hiyo hiyo. Babu aliulizwa na mzungu akiwa na bunduki pande mbili, akajibu maneno mawili ya maana. Mimi nikaulizwa na kijana wa miaka kama yangu, amekalia kiti ya plastiki, ana mafua, na nikaharibu. Hiyo hadithi nimeisikia labda mara mia moja. Nilikuwa naijua kama najua jina yangu. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko kuchekwa.

Babu na vijana wenzake waling'oa yale mawe. Si usiku kama wezi, alikuwa anasema, waling'oa mchana wakiwa wanachunga, huyu leo moja, yule kesho moja, inawekwa kwa ngamia chini ya mikeka. Mawe matatu ikaenda kwa akko yangu, mke wa babu, yule Tume wa kwanza, wewe ndiye umechukua jina lake. Akaifanya mafiga. Askari wakaja kutafuta. Wakaingia kwa kila nyumba, wakachungulia chini ya vitanda, wakachoka, wakakaa. Akko akawapikia chai. Chai iko juu ya moto, moto iko kati ya mawe, na mawe imeshakuwa nyeusi kwa moshi. Askari mmoja akamuuliza, "Mama, haya mawe imeenda wapi?" Akko akamwambia, "Mimi najua mambo ya jikoni tu, baba. Ongeza sukari?"

Ndio hayo mafiga yetu. Umepikia hapo tangu uanze kupika. Ile ya kushoto ukiikwaruza chini utaona chokaa. Nilikuwa nataka kukuonyesha siku ingine, ukiwa mkubwa, nikiwa nimepata maneno mazuri. Hiyo ni tabia yangu mbaya, kungoja maneno mazuri.

Halafu kabla Mwingereza aende, ikaja tume. Wazungu na meza, kuuliza watu wa kaskazini wanataka nini. Mtu akakimbia mpaka kwetu anapiga kelele, "Tume imefika mjini! Tume anangoja watu wote!" Babu akasema, "Wewe umelewa? Tume yuko ndani anakamua." Mpaka anakufa alikuwa anacheka hiyo. Kila akimkasirikia akko alikuwa anamwambia, "Wewe, andika tu, halafu uende, kama wale wenzako."

Kwa sababu ile tume iliandika, ikaenda. Babu alitembea mpaka hapa mjini pamoja na watu wa kila pahali, wengine miguu imevimba, wakasimama kwa jua wakasema. Wengi walisema hawataki kukatwa na ndugu zao, wanataka kwenda pamoja nao, na Somalia. Mtu aseme walikosea ama hawakukosea, mimi sikuwako. Najua tu waliulizwa, wakajibu, na jibu yao ikawekwa pahali hakuna mtu ameiona tena. Badala yake jimbo ikakatwa mara ingine. Kipande kikaitwa mashariki, kipande kikaitwa kaskazini mashariki. Ndugu ya babu alilala na babu jimbo moja, akaamka jimbo ingine, na hajahamisha hata kikombe.

Watu wakakataa. Wengine wakaenda msituni na bunduki. Serikali mpya, ya watu weusi wenzetu, ikasema sisi wote ni shifta, majambazi, hata mzee, hata mtoto wa kubebwa. Wakakusanya watu wakawafungia ndani ya seng'enge, na mifugo ikabaki nje bila mwenyewe. Ngamia za babu zilipigwa risasi akiwa anaangalia. Wazee wetu hawaiti hiyo vita. Wanaita daaba, maana yake kusimama, kwa sababu kila kitu kilisimama, hakuna kuhama, hakuna kukamua, hakuna kuoa. Ndugu ya babu alikufia huko ndani. Na babu hakunificha mambo ingine pia: wale vijana wa msituni, wakiwa na njaa, walikula mbuzi za watu wao wenyewe na wakawapiga waliouliza. "Mimi nilishika mtu mikono wakimpiga," aliniambia hivyo, mara moja tu, tukiwa kwa kisima. Hakuniambia ni nani. Mimi nikakunja kamba ya ndoo nikijifanya sijasikia.

Kwa hiyo, Tume, mimi nilikulia kwa hiyo neno. Kiborana iko na neno yake ya mahali yako inaisha na ya jirani inaanza, lakini babu alikataa kuitumia kwa ile mstari ya Disii. Alisema neno yetu ni ya watu wamekaa wakakubaliana, haiwezi kubeba hiyo takataka. Tukiwa katikati ya Kiborana alikuwa anaitoa na Kiswahili: mpaka. Kama mtu anatoa mwiba. Ndio kwa kichwa yangu hiyo neno haikuwa na kazi ingine. Watu wengine wakisikia "mpaka wapi" wanasikia kufika. Mimi nasikia mawe.

Na hapo kwa hema sikutaka kusema ile nimesema. Nilitaka kusema: mpaka ni laga, hivyo ndivyo Mwingereza alisema, na babu yangu akakataa, na mimi nakataa. Hiyo ndiyo sentensi. Ilikuwa na mkia. Kichwa ikatoka, nikaona macho ya watu, na mkia ikabaki kwa koo. Bado iko hapo. Nikimeza chai naisikia.

Sasa kosa kubwa nakuja kwayo, na hiyo si ya lori.

Karani alimaliza, akageuza karatasi upande wangu. "Soma, halafu weka sahihi." Mimi, Tume, nikasoma. Unajua vile nilisoma? Nilisogeza macho. Nikaenda kushoto kulia, kushoto kulia, nikangoja kidogo kwa mwisho wa mstari kama vile nakuona ukifanya. Hata nilitingisha kichwa. Halafu nikaandika jina yangu na herufi za darasa la nne, hizi hizi unaona hapa: zangu naziandika polepole, lakini mwandiko ya karani inanishinda kusoma.

Babu alikataa shule. Baada ya daaba alisema kalamu ndiyo ilitukata, na hakuna mtoto wake ataishika. Baba yangu hakuingia hata siku moja. Mimi chifu alilazimisha, nikaingia mpaka darasa la nne, halafu ukame ikaja, babu akasema rudi tuchunge, na watu wote wakanihurumia. Hawakujua nilifurahi. Mwalimu alikuwa anatusimamisha mbele, mmoja mmoja, tusome kwa sauti, na mimi siku ya kusoma nilikuwa natapika njiani. Nikaingia kwa ugomvi ya babu nikajificha hapo. Mtu akiniuliza mbona hukusoma, nilikuwa nasema, "Sisi watu wa kwetu hatukubali mambo ya kalamu ya mzungu." Nilisema hivyo miaka yote, na kifua mbele. Nilivaa hasira ya mzee kama koti yangu, kumbe ndani ni uoga tu. Babu alikuwa na sababu. Mimi sikuwa na sababu. Nilikuwa naogopa kusimama mbele ya watoto arobaini.

Ilikuwa Mama Kendi alinisomea. Nilipeleka maji dukani kwake, na ile nakala walinipa ilikuwa kwa mfuko, imekunjwa. Nikamwambia, "Mama, nisaidie, miwani yangu imepotea."

"Wewe miwani ulinunua lini?"

Nikamsogezea karatasi. Akasoma. Akavua miwani yake yeye, akapangusa na kanga, akasoma tena.

"Baba Tume. Ulisema hivi? 'Shahidi anakubali kwamba mpaka ni laga.'"

"Nilisema nusu."

"Na nusu ingine?"

"Sikuitoa."

"Ai! Sasa hiyo nusu umewekea nani?" Halafu akaona uso yangu, akaacha. Akafunga kile kidirisha cha kuuzia, wateja wakabaki nje wanagonga, "Mama Kendi, sukari!" na yeye anawajibu, "Sukari haina miguu, ngoja!" Akachukua daftari ya duka akaandika barua ya kupinga, neno kwa neno vile nilimwambia. Mama Kendi ni mtu wa upande ule, hiyo unajua. Hiyo mstari ikisogea, inasogea kwao. Nilimuuliza, "Kwa nini unanisaidia?" Akaniambia, "Andika mambo yako, wacha maswali. Mimi ni mtu wa duka, si mtu wa mawe."

Lakini barua ni barua. Mji mzima ulikuwa umeshapata kichekesho yao. Mjomba wako Guyo ndiye alianza. Nikiingia tu kwa nyumba ya mama yake anasimama, anavua kofia: "Karibu Bwana Mpaka! Kaa hapa. Ama kiti iko upande gani ya laga?" Wanacheka mpaka chai inamwagika. Halafu watoto wakaishika. Napita na punda kutoka kwa bomba, wanaimba, "Mpaka ni laga! Mpaka ni laga!" Punda mwenyewe ameshajua hiyo wimbo. Nilisikia ulimpiga kijana moja kofi mbele ya posho mill, pale kwa kusaga unga, kwa ajili ya hiyo. Nilifurahi. Nikasema leo akija nyumbani ataniita baba.

Ukakuja, ukaweka mtungi chini, ukasema, "Si ungenyamaza tu, kama siku zote."

Nilikasirika na wewe, Tume. Bado nimekasirika. Nakuambia ukweli, sitaki uende ukifikiri nimesamehe ndio naandika. Mtoto wa miaka kumi na nne hawezi kumwambia babake hivyo. Lakini nimeifikiria hiyo maneno nikiwa na punda, asubuhi na jioni, na nimeona pahali inauma. Ulisema "kama siku zote." Ulikuwa unahesabu. Kumbe miaka yote nikifikiri kunyamaza kwangu ni adabu, kuna mtu mdogo nyumbani anahesabu.

Unakumbuka siku tulipeleka fomu kule kwa hiyo shule yako ya bweni? Yule mama wa ofisi akauliza, "Na nyinyi ni wa upande gani ya mpaka?" Aliuliza na ubaya, alikuwa anatafuta ugomvi, au labda alikuwa amechoka, sijui. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimevipaka mafuta ya kupikia ving'ae, na vumbi imeshashika. Wewe ukasema, "Sisi ni wa Isiolo, na matokeo yangu ni hii hapa." Ukaweka karatasi kwa meza. Hukusukuma, hukupiga kelele. Akaichukua. Nilikuonea fahari na nikakuonea wivu, zote mbili kwa wakati mmoja, na sikujua baba anaruhusiwa kumwonea mtoto wake wivu. Njiani kurudi ulidhani nimenuna. Nilikuwa najaribu kusema kwa kichwa, "Sisi ni wa Isiolo," na hiyo sauti yako.

Huko utaulizwa sana. Kwa kizuizi ya barabara askari atakuuliza. Wasichana kwa bweni watakuuliza, wengine na urafiki, wengine na sumu. Wewe mdomo unayo, hiyo siwezi kukufundisha. Kitu moja tu mimi najua na wewe hujui, kwa sababu nimeinunua na kisima ya babu: ukisikia nusu ya swali, sema hujasikia. Wacha wakuone mjinga. Ujinga ya dakika moja mbele ya watu, mimi nimeikimbia miaka yote, na angalia imenifikisha wapi. Na usitingishe kichwa kwa karatasi hujasoma. Wewe utasoma, najua, wewe unasoma hata gazeti ya kufungia nyama. Lakini iko siku utachoka, ama utakuwa na aibu, ama mtu mwenye kalamu atakuwa na haraka.

Na babu, usimbebe vile mimi nilimbeba. Mpende. Aling'oa mawe, na alisema mpaka mvua, na aliwanyima watoto wake shule, na alishika mtu mikono. Ni mtu mmoja huyo. Mimi nilichukua ile kukataa peke yake, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu, nikaacha ile mdomo yake. Na kisima ile, majirani wa upande ule wakileta mbuzi, alikuwa anawasogezea ndoo yeye mwenyewe, kabla hawajaomba. Hakugombana na wao. Aligombana na chokaa.

Jana Mzee Halake alituma mtu. Ile barua Mama Kendi aliandika imefika. Mkubwa wa hao watu wa mawe, yule mrefu wa kofia, ameisoma, na amesema hivi: shahidi akitaka kuongeza maneno, aje mwenyewe, aseme na mdomo, pale pale kwa laga, mbele ya watu wa pande zote mbili. Watu wao watafika kesho mapema na simiti. Ikimwagwa imemwagwa.

Kesho mapema, Tume. Saa ile gari yako inatoka.

Nimefikiri siku nzima. Nilienda kuangalia sanduku yako, nikaifunga kamba mara mbili, nikaifungua, nikaifunga tena. Nilikuwa nataka kuibeba mimi. Ataibeba Guyo, na atasema upuzi njia yote. Mwache aseme. Akikuita mtoto wa Bwana Mpaka, mwambie baba yako ameenda kumaliza sentensi.

Nimeifanyia mazoezi. Usicheke. Nimemwambia punda tangu jana. "Babu yangu alichunga mpaka mvua. Hiyo laga ni maneno ya Mwingereza, babu alikataa, na jiwe yenyewe ni hii." Kwa sababu naenda na jiwe. Ile ya kushoto, ya chokaa. Nimeitoa kwa jikoni sasa hivi, bado ina moto kidogo upande moja, nimeifunga na gunia juu ya punda. Waione. Waone hii kitu haijawahi kukubaliwa, imepikiwa chai tangu siku ya kwanza. Ukirudi utakuta mafiga ni mawili, sufuria haitakaa. Mwambie mama yako aweke tofali. Asinikasirikie, ama anikasirikie nikirudi.

Labda hawatanisikiza. Labda nitafika pale, macho yanigeukie, na mkia ibaki kwa koo mara ingine, na nitakuwa nimekosa simiti na nimekosa gari yako, zote mbili. Hiyo ndiyo naogopa, ndio unaona haya maandishi inapanda na kushuka. Lakini wewe ulisema kama siku zote, na mimi nataka kukutolea siku moja kwa hiyo hesabu.

Hii barua naiweka ndani ya sanduku, chini ya sweta, mahali mama yako hatapekua. Utaiona leo usiku ukitoa sweta ya safari.

Sasa lazima niende. Kutoka hapa mpaka Laga Dima na punda mwenye jiwe ni kutembea mpaka jua liingie, nilale kwa kisima, niwe hapo kabla yao. Na iko sababu ingine. Uko kwa jirani unasukwa nywele, nasikia sauti yako kutoka hapa, mnacheka. Nikikungoja umalize, utaniita wewe na nitakasirika nikae hapa tugombane, ama utaniita baba, na hapo sitatoka kabisa. Yote mawili, simiti itamwagwa bila mimi.